Tupime ushuhuda kabla ya kusema Ameni

Kuna mahali katika Biblia ambapo Mtume Paulo anasahau, na anasahau mbele ya macho yetu. Ni katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya kwanza. Anawakemea waumini wa Korintho kwa kugawanyika makundi makundi, na anashukuru kwamba kati yao hakumbatiza mtu ila Krispo na Gayo. Mara anakumbuka kwamba aliibatiza pia nyumba ya Stefana. Kuhusu wengine zaidi ya hao, anasema hajui.

Angeweza kuagiza mistari ile ifutwe na kuandikwa upya, ili barua isomeke kama ya mtu asiyesahau. Haikufanyika hivyo. Kanisa likaipokea barua jinsi ilivyo, pamoja na kusahau kwake, likaihesabu kuwa Maandiko Matakatifu.

Leo, katika makanisa mengi nchini, mtu atapewa kipaza sauti ili atoe ushuhuda. Ni desturi njema na ina mizizi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda, Tanganyika na Kenya katika miaka ya 1930 na 1940, ulisafiri kwa njia hiyo. Mtu wa kawaida, asiye mchungaji wala mwinjilisti, alisimama mbele ya wenzake, akaitaja dhambi yake kwa jina, akasema Yesu amemsamehe. Ushuhuda wa namna ile ulikuwa na kipimo chake. Majirani walimjua msemaji, na aliyesema amerudisha mbuzi wa watu, mbuzi alionekana zizini.

Ushuhuda unaovuta watu zaidi siku hizi ni wa aina nyingine. Mtu alikufa akarudi. Mtu alishushwa kuzimu akaonyeshwa waliomo. Mtu aliota ndoto, akaamka uvimbe umeyeyuka. Hapa jirani hana zizi la kuchungulia. Kilichopo ni kumbukumbu ya mtu mmoja na neno lake.

Sitaki kuwazungumzia matapeli. Wapo, na habari zao tunazijua. Ninayemfikiria ni mama mnyofu, asiyetafuta sadaka ya mtu, anayesimulia jambo lake kama anavyolikumbuka kwa dhati ya moyo, na bado analikumbuka vibaya. Tumezoea kusema njia ya mwongo ni fupi. Mama huyu si mwongo, ndiyo maana simulizi lake hufika mbali.

Lugha yetu inatupa maneno mawili yaliyozaliwa na mzizi mmoja, ushahidi na ushuhuda. Ushahidi tumeuacha mahakamani. Huko shahidi huapa, husimulia, kisha husimama wakili wa upande wa pili na kumuuliza: ulikuwa umbali gani, taa ilikuwa inawaka, mbona polisi uliwaambia vingine? Ushuhuda tumeuleta kanisani, na huku mtu akimaliza kusema tunaitikia Ameni na kupiga vigelegele. Anayeuliza swali anaonekana mtu wa imani haba. Lakini Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, haikutenganisha mambo haya. Neno halithibitiki kwa shahidi mmoja, wanahitajika wawili au watatu, na Paulo anairudia kanuni hiyohiyo anapowaandikia Wakorintho mara ya pili.

Kwa nini shahidi mmoja asitoshe, hata akiwa mkweli? Jibu limechunguzwa sana katika miaka mia hii iliyopita, na ni vyema Wakristo tulijue.

Januari 28, 1986 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilipasuka angani muda mfupi baada ya kuruka, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Asubuhi iliyofuata mwanasaikolojia Ulric Neisser wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, alitoa karatasi kwa wanafunzi 106 na kuwataka waandike walivyopata habari ile: walikuwa wapi, na nani, wakifanya nini. Karatasi zikawekwa. Baada ya zaidi ya miaka miwili na nusu, yeye na mwenzake Nicole Harsch waliwapata 44 kati yao na kuwauliza maswali yaleyale. Robo yao, watu 11, walikosea kila jambo kuu waliloulizwa. Watatu tu ndio waliopata yote. Wengi waliokuwa wameambiwa habari ile na mtu darasani au njiani sasa walikumbuka kwamba waliiona wenyewe kwenye televisheni, kwa sababu ndivyo mtu anavyotarajia kupata habari kubwa kama hiyo.

Kinachonishughulisha zaidi ni yaliyofuata. Wanafunzi hawa walikuwa na uhakika mkubwa, na uhakika wao haukuwa na uhusiano wowote na usahihi wao. Walipoonyeshwa karatasi walizoandika kwa mkono wao wenyewe, hazikuwarudishia kumbukumbu ya awali. Wapo walioutambua mwandiko kuwa wao, na hata hivyo wakashikilia kwamba mambo hayakuwa vile.

Basi tusipime ukweli wa ushuhuda kwa machozi ya msemaji wala kwa uthabiti wa sauti yake. Machozi yanatuambia kwamba anaamini anachosema. Kama jambo lilitokea hivyo ni swali lingine.

Kumbukumbu haikai kichwani kama picha kwenye albamu. Kila tunapokumbuka tunaijenga upya, na tunajengea vifaa vilivyopo karibu: tulichosikia baadaye, tunachokitamani, na namna hadithi za aina hiyo zinavyosimuliwa kwetu. Frederic Bartlett wa Cambridge aliliona hili katika kitabu chake cha mwaka 1932. Aliwapa Waingereza hadithi ya Wahindi Wekundu wa Amerika ya Kaskazini, yenye mambo ya mizimu wasiyoyazoea, akawataka waisimulie tena na tena. Kila iliposimuliwa, mageni yalipungua na yaliyozoeleka yaliongezeka, mpaka hadithi ikaanza kufanana na za kwao.

Sikiliza basi shuhuda za kuzimu zinazopigwa redioni na kuzungushwa kwenye simu. Mara nyingi zina njia ileile, geti lilelile, orodha ileile ya dhambi, na dhambi hizo ni zile ambazo kanisa la msemaji huzihubiri zaidi. Wengine husema kufanana huko ndiko kunakothibitisha. Yawezekana. Lakini watu waliokwisha kusikia simulizi moja mara ishirini watafanana katika kukumbuka, hata kama kila mmoja alianza na ndoto ya usiku mmoja iliyokuwa na giza, hofu na sauti ya mtu asiyemjua. Na mgonjwa aliyelazwa na malaria iliyopanda kichwani, au aliyetoka kwenye dawa za usingizi baada ya upasuaji, huweza kuona mambo yaliyo wazi kuliko ya mchana. Mungu anaweza kusema na mtu katika hali hiyo. Homa nayo inaweza.

Sisi tunaosikiliza hatumo nje ya jambo hili. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana, jingine liliulizwa yalikuwa na kasi gani yalipopondana. Baada ya wiki moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la kwanza, watu 7 kati ya 50 walisema waliviona. Katika kundi lililosikia neno zito, walikuwa 16 kati ya 50. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika.

Sasa fikiria kijana aliyezimia kisimani akazinduka, anaitwa madhabahuni. Anasema aliona mwanga. Mchungaji mwenye kipaza sauti anauliza, "Ulimwona mtu mwenye mavazi meupe?" Kijana anasita. "Alikuambia rudi duniani, kazi yako bado?" Kijana anatikisa kichwa kukubali, kanisa linalipuka kwa Haleluya. Jumapili inayofuata, kwenye usharika wa jirani, hahitaji tena kuulizwa. Mtu mwenye mavazi meupe yumo, na maneno yake yamo. Hakuna aliyedanganya. Hata hivyo mtu yule mweupe aliingia katika kumbukumbu ile kupitia kinywa cha mchungaji.

Huko Marekani jambo lilifika mbali zaidi. Mtoto wa miaka sita wa jimbo la Ohio aliumia vibaya katika ajali ya gari mwaka 2004, akapoteza fahamu kwa muda mrefu. Alipozinduka zikaanza habari kwamba alifika mbinguni. Mwaka 2010 kikatoka kitabu chenye jina lake na la baba yake, kikauzwa sana katika maduka ya vitabu ya Kikristo. Januari 2015, akiwa kijana aliyepooza, aliandika barua ya wazi kusema kwamba hakufa na hakwenda mbinguni, na kwamba aliyasema yale kwa kuwa aliona yangemfanya asikilizwe. Mchapishaji akakiondoa kitabu sokoni. Mtoto yule mwenyewe amekiri kutunga. Lakini kwa miaka mingi watu wazima, wakiwamo wasomaji wa Biblia, walimsikiliza mtoto wa darasa la kwanza, na ni wachache sana waliouliza.

Msomaji anaweza kuona haya ni mambo ya wenzetu wenye fedha za kununua vitabu. Sisi tulikuwa na Samunge. Mwaka 2011 Watanzania, Wakenya na wengine kutoka mbali zaidi walijaa barabara ya vumbi kuelekea kijiji kile cha Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mugariga kwa Sh500 kutoka kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT aliyesema ameonyeshwa na Mungu. Foleni za magari zilikuwa za kilomita nyingi. Walikwenda wakubwa kwa wadogo. Wapo waliofia njiani wakisubiri zamu. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021, na bei ile ya Sh500 haikuwa bei ya mtu anayetafuta utajiri. Simhukumu.

Ninachotaka tukiangalie ni kilichowapandisha watu kwenye magari yale. Kilikuwa ushuhuda. Shemeji wa jirani alikunywa akapona kisukari. Mama wa Bunda, au wa Babati, jina halijulikani, alipimwa na virusi havikuonekana. Kila aliyesimulia alikuwa na hakika. Na tazama jinsi habari ya kweli inavyogeuka bila mtu kuigeuza. Mtu mwenye VVU anayemeza dawa vizuri hufikia mahali ambapo kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha havionekani. Hiyo ni kazi ya dawa, na akiziacha virusi huongezeka tena, mara nyingi ndani ya wiki chache. Mtu huyo anakunywa kikombe, anapima, anaambiwa havionekani. Baada ya mwaka anasimulia kwamba alikunywa ndipo vikatoweka. Dawa alizomeza miaka mitatu kabla ya safari zimetoka katika hadithi, kwa sababu hadithi za uponyaji hazina nafasi ya vidonge. Anayemsikiliza anarudi nyumbani na kuzitupa zake.

Vivyo hivyo kisukari. Mgonjwa wa aina inayowapata watu wazima anaweza kujisikia vizuri kwa siku kadhaa sukari ikiwa juu. Kujisikia vizuri si kipimo, na kumbukumbu ya kujisikia vizuri ndiyo kabisa.

Kuna mwingine anayeumizwa na ushuhuda ulionona, naye hatajwi. Ni mzazi aliyekaa benchi la nyuma na mtoto mgonjwa mapajani. Anasikia kwamba fulani aliomba siku tatu akapokea, mara moja, kabisa, daktari akashangaa. Yeye ameomba miaka minne. Ikiwa kilichotokea kwa fulani kilikuwa ni nafuu ya polepole yenye kliniki mbili na siku nyingi za wasiwasi, basi mzazi yule angepata ndugu wa kutembea naye. Tukishayakata hayo ili simulizi ling'ae, tunamwacha peke yake na swali la ana dhambi gani.

Msomaji makini ataniuliza: ukianza kutilia shaka kumbukumbu, utaishia wapi? Vipi kaburi tupu? Ni swali halali, na sitalikwepa.

Angalia Agano Jipya linavyoshughulikia mashahidi wake. Paulo, akiandika katika miaka ya 50, anawataja waliomwona Bwana mfufuka: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, Yakobo. Anaongeza kwamba wengi wa wale 500 wangali hai. Maana yake ni kwamba wanaweza kuulizwa. Luka anaanza Injili yake kwa kusema amechunguza kwa makini. Na huyohuyo Luka anaandika habari ya njia ya Dameski mara tatu katika Matendo, sura ya 9, ya 22 na ya 26, na hazilingani katika kila kitu. Mahali pamoja wasafiri waliisikia sauti, mahali pengine hawakuisikia ya aliyesema na Paulo. Mahali pamoja walisimama, mahali pengine wote walianguka chini. Wafafanuzi wana maelezo yao, mengine mazuri. Mimi navutiwa zaidi na ukweli kwamba Luka hakuzipiga pasi.

Kanisa nalo halikuzipiga pasi Injili nne. Karne ya pili Tatiano aliziunganisha kuwa simulizi moja, na Wakristo wa Siria walilitumia kitabu chake kwa muda mrefu. Mwishowe, katika karne ya tano, wakazirudia nne, pamoja na tofauti zake. Haya hayamlazimishi mtu kuamini, na asiyeamini ana haki ya kusema kwamba hata watu 500 hukosea. Ninachosema ni kwamba mitume hawakutuomba tumwamini mtu mmoja asiyeulizwa maswali. Sisi ndio tunaowaomba waumini wetu hivyo, Jumapili baada ya Jumapili.

Wakatoliki wana mfano wa Lourdes, Ufaransa, ambako binti Bernadette Soubirous alisema mwaka 1858 kwamba alitokewa mara 18. Tangu mwaka 1883 pana ofisi ya madaktari inayopokea madai ya kuponywa. Yameandikwa zaidi ya 7,000. Hadi mwaka 2018, yaliyotangazwa na Kanisa kuwa miujiza yalikuwa 70. Uchunguzi huchukua miaka, nyaraka za hospitali huhitajika, na mgonjwa hutazamwa tena kuona kama ugonjwa umerudi. Mtu anaweza kuikataa hesabu yote, hata ile 70. Lakini hakuna anayeweza kusema watu wale wanaogopa maswali.

Usharika wa kawaida hauna ofisi ya madaktari. Unaweza kuwa na daftari la kurasa 96. Mzee wa kanisa amwandikie mtu habari yake wiki ileile, kwa maneno ya mwenyewe, kabla hajapewa kipaza sauti, na amuulize swali moja tu: nini kilitokea? Asimtajie malaika. Kama ni habari ya ugonjwa, muuguzi aliye mshirika aombwe kutazama cheti, kwa ridhaa ya mwenyewe. Na aulizwe kama bado anameza dawa, jibu lake lisemwe hadharani pamoja na ushuhuda. Baada ya mwaka lifunguliwe tena ukurasa uleule. Najua itapunguza idadi ya shuhuda. Wachungaji wengine hawatapenda, hasa pale ambapo shuhuda hurekodiwa na kurushwa mtandaoni kabla mtu hajafika kwao kulala.

Paulo naye alipelekwa juu. Anasimulia katika Wakorintho wa Pili sura ya 12, kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine. Miaka 14 ilikuwa imepita, na katika barua zake zilizotufikia hilo ndilo simulizi lake pekee la safari ile. Alikuwa katika mwili au nje ya mwili? Anasema hajui, tena mara mbili, Mungu ndiye ajuaye. Alichosikia hakisimulii. Huyu ndiye yuleyule ambaye hakukumbuka aliowabatiza.

Na kuna waliofufuliwa. Binti Yairo, ambaye jambo la kwanza Yesu aliloagiza ni apewe chakula. Kijana wa Naini. Eutiko aliyeanguka dirishani Troa. Hakuna hata mmoja ambaye Biblia imeandika aliona nini upande wa pili. Lazaro alikaa kaburini siku nne, muda mrefu kuliko wote hao. Katika sura ya 12 ya Yohana, umati wa watu unatoka kwenda Bethania, si kwa ajili ya Yesu tu, wanataka kumwona na Lazaro. Sisi tungempa kipaza sauti. Yohana anatuambia tu kwamba alikuwa mmoja wa walioketi chakulani, na Martha alikuwa akihudumu.